Uzi: Kijana wako hana wepesi, au hajui kusimama? Mazoezi ya uthabiti kwa wachezaji wetu wa mchangani hapa Dodoma

Mwalimu wa Vumbi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa timu ya vijana chini ya miaka 17 huku Nkuhungu. Kazi ya kujitolea, malipo yake ni soda na lawama za wazazi. Nimeleta uzi huu kwa sababu nimekosea miaka mingi, na naona walimu wenzangu wengi wa mchangani bado wako kwenye kosa lile lile.

Msimu uliopita nilipoteza vijana watano, wanne enka (kifundo cha mguu) na mmoja goti. Nikakaa nikajiuliza waliumiaje. Katika hao watano, aliyegongwa na mtu ni mmoja tu. Wengine waliumia peke yao: huyu alikuwa anageuka, yule alitua vibaya baada ya kupiga kichwa, mwingine hata mpira haukuwa karibu naye. Mwanzoni nikasingizia uwanja. Wenyeji mnaujua uwanja wa Dodoma wakati wa kiangazi, chini pagumu kama saruji, juu mchanga mwembamba unaokupeleka kama umekanyaga karanga. Lakini wapinzani wetu walicheza hapo hapo wakarudi kwao wazima.

Mazoezi yangu yalikuwa yale ya siku zote. Mchakamchaka, kichurachura, pushapu, halafu koni. Nikajichanga hadi nikanunua ile ngazi ya kamba ya kurukaruka ndani ya vyumba. Vijana wakawa mabingwa wa ngazi, miguu inakwenda kama cherehani. Siku ya mechi winga wa wenzetu anamvuta beki wangu hatua moja kushoto, anarudi kulia, beki yuko chini anakula vumbi.

Aliyenifungua macho ni namba 3 wangu. Kijana ana mbio kweli kweli, pale kikosini hakuna wa kumshika. Siku moja tunasubiri mpira uliotumbukia korongoni, nikamwambia asimame mguu mmoja, mikono kiunoni. Wa kushoto akasimama vizuri tu. Wa kulia, wakuu, alitetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Sekunde saba hakufika. Nikamwambia arudie, nikachuchumaa nimtazame kwa karibu. Unyayo unabingirika nje, ndani, nje, ndani. Goti linaangukia kwa mwenzake. Kiuno kinashuka upande wa pili. Mwishoni mikono inapaa kama mtu anayezama. Na huyu ndiye niliyekuwa namtaka akimbie kwa kasi yote, afunge breki kwa mguu huo huo, ageukie kushoto huku mtu anamsukuma bega!

Kumbe kugeuka ni breki kwanza. Ukitaka kwenda kushoto, mguu wa kulia ndio unaouzuia mwili mzima usiendelee mbele, na kwa kitambo hicho umesimama mguu mmoja. Ukipiga shuti umesimama mguu mmoja. Kukimbia kwenyewe, kila hatua ni mguu mmoja. Nami sikuwahi hata siku moja kufundisha kusimama.

Nikaanza upya. Siku tatu kwa wiki, dakika 15, mwanzoni kabla hawajachoka. Sikununua kitu. Ngoja nieleze tunavyofanya, maana najua mtauliza.

Wiki za mwanzo ni kusimama tu. Mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, mpira mkononi, sekunde 30, mara mbili kila mguu. Vijana walicheka sana, wakaona mwalimu amechoka. Waliacha kucheka nilipowapanga wawili wawili warushiane mpira huku wamesimama hivyo hivyo, na wiki iliyofuata nikaruhusu wasukumane kidogo mabegani. Hapo hapo tunafanya planki ya viwiko, planki ya ubavu, na lile la kulala chali ukanyanyua kiuno kwa mguu mmoja. Hilo la mwisho wanalichukia kuliko yote, maana linachoma makalio, na mimi ndiko ninakotaka lichome.

Baada ya hapo ndipo tunaruka. Unaruka mbele, unatua mguu mmoja, UNAGANDA. Hesabu tatu. Hujaganda, rudia. Kisha pembeni, kisha unaruka ukigeuka robo, kisha nusu. Ninawaambia mambo mawili tu: goti lielekee kwenye vidole, lisiingie ndani, na utue kimya, sitaki kusikia kishindo.

Na vumbi letu lina kazi hapa. Kijana akishatua, ninamwondoa pale naangalia alama. Aliyetua sawasawa ameacha soli moja, unaweza kuhesabu daluga zake. Aliyeyumba ameacha mfuto, kama mtu aliyefuta ubao kwa kiganja. Sasa hivi hawaningoji, wanainama wenyewe kukagua na kutaniana. Namba 3 alikaa wiki tano anaacha mifuto mguu wa kulia. Siku alipoacha soli safi mara tatu mfululizo aliniita kwa sauti utafikiri amefunga goli.

Karibuni. Wataalamu mnisahihishe.

Mpita Njia

Nimekaa paleee, nawasubiri wajuvi. Uzi una nyama huu.

Namba Sita Mstaafu

Mwalimu, heshima yako. Ila vijana wa siku hizi mnadekezwa. Sisi tulicheza peku kwenye changarawe, tunatoka machungani na fimbo mkononi, tunapitia uwanjani, jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda, na hizo planki hatujawahi kuzisikia. Mtu akiteguka anachuliwa na bibi kwa mafuta, Jumapili yuko uwanjani. Leo mnakuja kufundisha mtoto kusimama! Mtoto anafundishwa kusimama akiwa na mwaka mmoja.

Chuma Area D

Mimi nitapingana kwa namna nyingine. Kusimama mguu mmoja na kurukaruka ni mbwembwe za kwenye simu. Mchezaji anataka nguvu. Apige skwati na chuma mgongoni, apige lanji, miguu ikiwa na nguvu balansi inakuja yenyewe. Nimeona watu gym wanasimama juu ya mpira ule wa nusu duara wanainua vyuma vya kilo mbili, nikacheka.

Bodaboda Kizota

Mzee Namba Sita amenichekesha. Shikamoo mzee. Swali la kizushi: hilo goti lako linakunja leo?

Namba Sita Mstaafu

Marahaba. Goti la kulia halikunji vizuri, choo cha kuchuchumaa ni mtihani. Lakini huo ni uzee.

Bodaboda Kizota

La kushoto lina umri gani mzee?

Mpita Njia

😂😂😂 Uzi ufungwe.

Fizio wa Makulu

Usifungwe kwanza. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na enka za wanasoka ndizo zinazojaza Jumatatu zangu. Nitajibu kidogo kidogo.

Mzee Namba Sita, nianze na wewe kwa heshima zote. Hukufundishwa kusimama kwa sababu ulikuwa unafanya mazoezi hayo kutwa nzima bila kuyapa jina. Mtoto anayechunga, anaruka kutoka jiwe hili hadi lile, peku, anamfukuza ndama aliyekata kona ghafla, huyo amefanya kazi ya miguu ambayo mtoto wa leo anayeshinda na simu hajaigusa. Kwa hiyo humpingi mwalimu, mnasema jambo moja. Tofauti ni kwamba vijana wake hawana ng'ombe.

Sasa kuhusu bibi na mafuta. Mwili unajua ulipo kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na vihisio vilivyomo kwenye misuli, kano na ligamenti za viungo, zile kamba zinazoshikilia mfupa kwa mfupa. Hivyo vihisio ndivyo vinavyouambia ubongo "kifundo kimeanza kulala nje" kabla wewe mwenyewe hujajua. Ukiteguka enka, mara nyingi inayochanika ni ligamenti ya upande wa nje, mbele kidogo ya kile kifundo cha nje. Uvimbe unaisha, maumivu yanaisha, kijana anasema nimepona. Lakini zile taarifa bado zinakwenda kwa kuchelewa, na misuli ya ubavu wa mguu inayopaswa kuurudisha unyayo inaamka mechi imeshaharibika. Ndiyo maana mtu anateguka mguu ule ule mara tatu, mara nne, halafu mtaani wanasema amerogwa. Miongoni mwa vitu vinavyotabiri kuteguka, kuwahi kuteguka ndiyo namba moja. Kupumzika peke yake hakurudishi vihisio. Vinarudishwa kwa mazoezi haya haya ya kusimama na kutua.

Mwalimu, nadhani namba 3 wako aliwahi kuteguka mguu wa kulia. Muulize.

Goti nalo lina habari yake. Ile ligamenti ya ndani ya goti ambayo watu wanaiita ACL inakatika kwa haraka kuliko kufumba jicho, mara tu mguu unapogusa chini. Muda huo hakuna nafasi ya kujirekebisha. Mwili unatakiwa uwe umejipanga hewani: goti limekunjwa kidogo, limeelekea kwenye vidole, kiuno kimetulia. Mpangilio huo unajengwa na mazoezi ya kurudiarudia, hauji kwa kuambiwa "kuwa makini".

Na goti linaloanguka ndani tatizo lake mara nyingi haliko gotini. Ni misuli ya pembeni ya nyonga, ile ya juu ya makalio, imelala. Ndiyo maana lile zoezi wanalolichukia vijana ni zuri. Misuli ya tumboni na mgongoni ina kazi hiyo hiyo. Iliwahi kupimwa kwamba mtu mzima wa afya anapotaka kunyanyua mguu, msuli wa ndani kabisa wa tumbo unaanza kukaza kabla mguu haujanyanyuka. Mwili unafunga mkanda kwanza ndipo unaondoka.

Mwalimu wa Vumbi

Fizio, nimempigia simu kijana sasa hivi. Anasema aliteguka darasa la saba kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, akafungwa kitambaa na kukandwa maji ya moto ya chumvi, baada ya siku tano akacheza. Mguu wa kulia. Hakuwahi kuniambia kwa sababu "ilishapona mwalimu".

Fizio wa Makulu

Ndiyo hao wenyewe.

Mkuu Chuma, wewe uko sahihi nusu. Ni kweli ukisimama juu ya kitu kinachotikisika huwezi kutoa nguvu nyingi, kwa hiyo anayetaka kuongeza nguvu za miguu aweke miguu chini pagumu na ainue kitu kizito. Skwati na lanji ni muhimu, tena lanji ni nusu ya njia ya kwenda kwenye mguu mmoja. Ila nguvu inataka kuja kwa wakati. Nimepokea mtu anayepiga skwati ya kilo 120, enka imemlaza kwenye ngazi za nyumbani kwake. Msuli ulikuwepo, ulichelewa. Kwa hiyo vyote viwili.

Chuma Area D

Hilo la mwisho nakubali, nina jamaa yangu hivyo hivyo. Kilo mbili juu ya mpira bado nitacheka.

Fizio wa Makulu

Cheka tu, mimi pia nacheka.

Dada Kiungo

Samahani naingia kwa kuchelewa. Mimi nacheza timu ya wanawake, nafasi ya kiungo. Niliumia goti mwaka juzi, sikuguswa na mtu, nilikuwa nakata kona kumkimbia mtu nikasikia "tap" kama kijiti kimevunjika. Kwenye ile timu tuliyokuwa nayo, kupasha ilikuwa ni kuzunguka uwanja mara tano halafu mwalimu anasema gawaneni. Fizio, ni kweli sisi wanawake tunaumia goti zaidi au ni maneno ya watu?

Fizio wa Makulu

Pole sana dada. Ni kweli. Kwenye michezo ya kukata kona na kuruka, wanawake wanakatika ACL mara kadhaa zaidi ya wanaume. Sababu ni nyingi, umbo la nyonga, homoni, namna ya kutua, na pia hiyo uliyoisema mwenyewe: timu za wanawake zinapewa maandalizi duni.

Habari njema ni kwamba utafiti uliotumika kuupima mpango maarufu wa kupasha wa FIFA, unaoitwa 11+, ulifanywa kwa wasichana. Ilikuwa Norwei, matokeo yakatoka 2008. Wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, klabu 125. Wengine walipewa mpango ule, wengine wakaendelea na kupasha kwao kwa kawaida. Waliopewa mpango waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa yakashuka karibu nusu.

Mpango wenyewe hauna siri. Mazoezi 15, dakika 20 hivi. Dakika 8 za kukimbia taratibu na kufungua nyonga, dakika 10 za nguvu, kuruka na balansi, mwishoni dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kukata kona. Vinatakiwa koni na mpira tu. Zile za katikati zina ngazi tatu za ugumu. Mwalimu wa Vumbi, hiyo ya kushika mpira, kurushiana, kisha kusukumana, ndiyo ngazi zenyewe tatu za zoezi la kusimama. Umetoa humo au umebuni?

Mwalimu wa Vumbi

Nilionyeshwa na mwalimu mwenzangu kwenye kozi, sikujua hata jina lake. Tulifundishwa asubuhi moja, mchana tukaingia kwenye sheria za kuotea. Hivyo vingine vya kuganda na kuangalia alama ni vyangu.

Dada Kiungo

Asante fizio. Hapo kwenye maandalizi duni ungeacha hata hizo homoni. Mimi sasa nimerudi uwanjani, na timu niliyopo tunafanya kuganda, lakini mwalimu anatuweka mwisho wa mazoezi tukiwa hoi. Ni sawa?

Fizio wa Makulu

Kwa kuanza, fanyeni mwanzo, mwili ukiwa na akili. Kujifunza kutua ukiwa umechoka ni kujifunza kutua vibaya. Mkishaizoea kabisa, kufanya kidogo mwishoni kuna maana yake, kwa sababu mechi inawachosha pia. Ila si kuanza nako. Na iwe angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Timu nyingi zinafanya mwezi wa kwanza, zikishinda mechi mbili zinaacha.

Winga Teleza

Wakuu mimi ni winga, niko chuo hapa Dom. Shida yangu si kuumia, ni kwamba kwenye koni niko moto, lakini kwenye mechi beki ananisoma. Uthabiti utanisaidia nini?

Mwalimu wa Vumbi

Mdogo wangu, koni haina akili ya kukuhadaa. Ukikimbia zigizaga kwenye koni unajua tangu mwanzo unageukia wapi, ni ngoma uliyoikariri. Mechini unageuka kwa sababu mtu amefanya kitu. Kwa hiyo ukishajua kuganda, hatua inayofuata ni kuamua. Sisi tunacheza "kivuli": wawili wanatazamana, mita mbili katikati, mmoja anaongoza mwingine anafuata, sekunde nane tu, kisha pumzika. Au nasimama nyuma ya koni mbili, kijana anakimbia kunifuata, dakika ya mwisho nanyoosha mkono upande mmoja. Akigeuka kabla ya mkono, rudia.

Na ukitaka kuhadaa beki, siri iko kwenye kusimama vile vile. Beki anasoma kiuno chako. Winga anayeyumba anatangaza anakokwenda nusu hatua kabla. Aliyetulia kiuno anaweza kuingiza bega kulia na mguu bado hauna habari.

Dada Kiungo

Niongezee hapo mwalimu. Zoezi bora la kuamua nililowahi kufanya maishani ni rede. Nasema kweli kabisa. Wawili huku na huku wana mpira wa soksi, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa. Unainama, unainuka, unaruka, unageuka, unasimama mguu mmoja mpira unapita chini ya goti. Wavulana walikuwa wanaona ni mchezo wa wasichana. Ndiyo maana hamuwezi kugeuka.

Bodaboda Kizota

Dada ametupiga na kitu kizito.

Mwalimu wa Vumbi

Dada Kiungo, Jumatano naleta rede mazoezini. Sitanii. Nikipigwa na wazazi nitasema nimetumwa na wewe.

Baba Mapacha

Mimi mzazi, nauliza mambo ya kawaida. Mtoto ana miaka 11, mazoezi wanafanya peku au na viatu? Huku kwetu Nzuguni mbigili ni nyingi. Na je, akiteguka nifanye nini maana naona kama hamyakubali maji ya moto.

Mwalimu wa Vumbi

La mbigili nijibu mimi. Kusimama na planki peku ni vizuri, unyayo unafanya kazi, unaona vidole vinavyong'ang'ania ardhi. Sisi tuna kipande cha hatua kumi kwa kumi pembeni ya uwanja, tunakifagia kwa fagio la chelewa na kuchambua kwa mkono. Zamu ya kufagia ni ya waliochelewa. Kuruka na kukata kona wanavaa viatu. Mbigili moja kwenye kisigino inatosha kumfundisha mtoto kutua vibaya wiki nzima.

Fizio wa Makulu

Baba Mapacha, akiteguka, siku mbili tatu za mwanzo usikande moto, usichue. Damu na maji tayari vinamiminika pale, wewe unavifungulia mlango. Funga bandeji ya kuvutika isiyobana sana, inua mguu juu ya mto, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 au 20 kisha ondoa. Zile barafu za mifuko za dukani zinafaa.

Halafu mpime hivi: hawezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, upande wa nyuma, nje au ndani, anaruka? Kimojawapo kikiwepo nenda hospitali mkapige picha, huenda kuna mfupa. Kama hakuna, aanze kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kumlaza wiki tatu kitandani kunamchelewesha.

Mwenye miaka 11 hahitaji mpango wa watu wazima. Acheze kombolela, kidali po, apande miti, aruke kamba. Mazoezi ya kuganda mfanye kama mchezo wa sanamu.

Namba Sita Mstaafu

Jana usiku nilijaribu hilo la mguu mmoja, chumbani, nimefumba macho ili nione. Sitaeleza. Mama watoto anauliza stuli imevunjwa na nani.

Fizio wa Makulu

Mzee wangu, ukifumba macho umeondoa moja ya zile njia tatu, na umri umeshachukua kidogo kwenye nyingine. Simama jikoni, shika ukingo wa meza kwa vidole viwili, macho wazi. Asubuhi unapopiga mswaki, nusu mguu huu, nusu mguu huu. Kwa umri wako hayo ni ya muhimu kuliko kwa hao vijana.

Namba Sita Mstaafu

Haya daktari. Nimeanza leo na mswaki. Kulia ni shida.

Winga Teleza

Fizio, kuna kipimo cha kujua kama nina tatizo? Mguu mmoja nasimama hata dakika nzima, naona ni rahisi mno kwangu.

Fizio wa Makulu

Kipo, na kwa uwanja wa vumbi ni rahisi. Chukua majivu, chora mistari mitatu inayokutana pamoja kama herufi Y. Mmoja uende mbele, miwili irudi nyuma kwa mshazari, kushoto na kulia. Simama peku kwenye makutano, ncha ya kidole gumba iwe pale mistari inapokutana, mikono kiunoni. Mguu mwingine unyooshe mbele juu ya mstari, gusa majivu kwa ncha ya kidole mbali uwezavyo, bila kuegemea, bila kunyanyua kisigino cha mguu uliosimama, kisha urudi katikati. Ukipoteza balansi, haihesabiki. Fanya majaribio kadhaa kwanza ili mwili uzoee, halafu pima mara tatu kwa futi ya fundi cherehani, chukua ile ndefu. Badilisha mguu. Kisha fanya na ile miwili ya nyuma.

Kitu cha kutazama ni tofauti kati ya miguu miwili. Kwenye mstari wa mbele, tofauti ikizidi sentimita 4, mguu huo unahitaji kazi. Utafiti kwa wachezaji wa kikapu wa sekondari Marekani uliona wenye tofauti hiyo wanaumia miguu mara mbili na nusu zaidi.

Winga Teleza

Poa, kesho asubuhi nafanya. Majivu naomba kwa mama ntilie.

Chuma Area D

Na mimi nafanya. Nikipata zaidi ya nne sitakuja kusema.

Mwalimu wa Vumbi

Leo Jumatano tumecheza rede. Naripoti: namba 9 wangu, ambaye mtaani anajiita jina la mshambuliaji mmoja wa Ulaya, alipigwa mara sita kabla chupa haijafika robo. Namba 3 alijaza chupa mbili. Kuna dada wa jirani alikuwa anapita na ndoo, akaiweka chini, akaomba zamu, akajaza tatu akaondoka na ndoo yake.

Dada Kiungo

Huyo dada msajilini.

Winga Teleza

Nimerudi wakuu. Nimepima uwanjani saa 12 asubuhi, rafiki yangu ndiye aliyeshika futi. Mstari wa mbele: nikisimama kulia 66, nikisimama kushoto 59. Nimerudia mara tatu nikidhani futi imekosea. Kushoto kisigino kinataka kunyanyuka chenyewe, enka kama imekauka, haikunji.

Fizio wa Makulu

Futi haijakosea. Umewahi kuteguka kushoto?

Winga Teleza

Nilikuwa kidato cha pili. Nikafungwa hogo la plasta wiki nne, likatolewa, nikaambiwa nimepona. Halafu sasa nimekumbuka kitu. Nikiwa na mpira mbele ya beki huwa natokea kulia kwangu tu. Rafiki yangu hapa anasema tangu anijue hajawahi kuniona nikimpita mtu kwa kukanyagia mguu wa kulia nikatokea kushoto, wala kinyume chake vizuri. Ngoja, nachanganya. Kutokea kulia nasukuma kwa mguu gani?

Mwalimu wa Vumbi

Kushoto.

Winga Teleza

Basi ndiyo beki ananisoma. Najua njia moja, na hiyo moja naisukuma kwa mguu mbovu.

Fizio wa Makulu

Weka unyayo wa kushoto upana wa kiganja kutoka ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Mara 15, asubuhi na jioni. Halafu kusimama na kurushiana mpira, kama vijana wa mwalimu. Pima tena baada ya wiki nne, majivu yale yale.

Winga Teleza

Jumamosi tuna mechi ya idara.

Mwalimu wa Vumbi

Kapime tena kwanza. Na usiniletee alama ya mfuto.